Dirisha Dogo la Saturday Night Live: Kikosi Kinavyobadilika Msimu Ukiwa Njiani

Chukua orodha mbili za majina. Ya kwanza ni ya Septemba 1994, ya pili ni ya Mei 1995. Zote ni za kipindi kimoja cha vichekesho, Saturday Night Live cha televisheni ya NBC ya Marekani, na zote ni za msimu mmoja, wa 20. Kwenye orodha ya kwanza wamo Mike Myers na Janeane Garofalo. Kwenye ya pili hawamo. Badala yake kuna Mark McKinney, Molly Shannon na Morwenna Banks, ambao Septemba hawakuwepo kabisa. Sasa mtu akikuuliza kikosi cha msimu wa 20 kilikuwa cha akina nani, utampa orodha ipi?

Swali hili huwachanganya hata watazamaji wa siku nyingi, na ubishi wake hauishi. Huyu anasema fulani alikuwa kwenye kikosi, yule anakataa, na mara nyingi wote wawili wana haki, ila mmoja anazungumzia Oktoba na mwenzake anazungumzia Aprili. Mashabiki wa soka wana neno linalofaa hapa: dirisha dogo. Usajili mkubwa wa kipindi hiki hufanyika kiangazi, kati ya Mei na Septemba, wakati studio imefungwa na mikataba inajadiliwa. Lakini kuna wanaoingia na kutoka ligi ikiwa inaendelea, na hao ndio ninaotaka tuwaangalie, kwa sababu mabadiliko ya katikati ya msimu yanakuonyesha kipindi kinavyofanya kazi kwa ndani kuliko usajili wowote wa kiangazi.

Kwanza tuiweke sawa orodha yenyewe. Kikosi kina madaraja mawili. Kuna waigizaji wakuu, ambao majina yao hutamkwa mwanzoni mwa onyesho yakifuata alfabeti ya jina la ukoo, halafu kuna waigizaji wa nyongeza, ambao hutamkwa baada yao wakiwa kundi la peke yao. Karibu kila mgeni huanzia kwenye nyongeza. Akifanya vizuri, baada ya msimu mmoja au miwili hupandishwa. Kwa hiyo mabadiliko ya kikosi si kuingia na kutoka tu, kuna na kupanda daraja, na kupanda kwenyewe kunaweza kutokea msimu ukiwa njiani. Eddie Murphy ndiye mfano mkubwa, na nitamrudia.

Halafu kuna kundi la tatu linalowapotosha watu zaidi: wageni. Mwaka 2008 Marekani nzima ilimwona Tina Fey akimwigiza Sarah Palin, mgombea mwenza wa urais, na wengi wakaamini Fey ni mmoja wa kikosi. Alikuwa ameondoka mwaka 2006. Alec Baldwin alimwigiza Donald Trump kuanzia Oktoba 2016, akatuzwa Emmy mwaka uliofuata, na hajawahi kuwa mwanakikosi hata wiki moja. Maya Rudolph alimwigiza Kamala Harris miaka mingi baada ya kuaga. Watu kama hawa wanaweza kuonekana sana kuliko waigizaji wenye mkataba, na kwa kweli wanawabana. Kila nafasi ya rais anayopewa nyota mwalikwa ni nafasi ambayo mwigizaji wa nyongeza hakuipata. Ndiyo maana mwaka 2021, James Austin Johnson alipoingia kwenye kikosi na Trump wake, kazi hiyo ikarudi kwa mtu wa ndani, na mimi nililiona hilo kuwa jambo jema kwa kikosi kizima.

Ili uelewe kwa nini mtu hutoka Januari badala ya kusubiri Mei, inabidi ujue wiki ya kipindi hiki ilivyo. Jumatatu waandishi na waigizaji hujibana ofisini kwa mtayarishaji mkuu, pamoja na mwenyeji wa wiki hiyo, yaani nyota mwalikwa anayeongoza onyesho, kila mmoja akitaja wazo lake. Usiku wa Jumanne ni wa kuandika, na wengi hukesha hadi Jumatano asubuhi. Jumatano watu huketi kuizunguka meza na kusoma kwa sauti maigizo kama 40. Baada ya kikao hicho mlango hufungwa, wachache huchagua, na orodha ya yaliyopita hutolewa. Alhamisi na Ijumaa ni mazoezi, ujenzi wa mandhari na ushonaji wa mavazi. Jumamosi saa mbili usiku hufanyika onyesho zima mbele ya watazamaji wa studio, likiwa refu kuliko muda uliopo. Maigizo kadhaa hukatwa hapo hapo. Saa tano na nusu usiku, kutoka Studio 8H kwenye jengo la 30 Rockefeller Plaza mjini New York, kinachobaki kinarushwa moja kwa moja.

Angalia mtiririko huo kwa macho ya mwigizaji. Hakuna aliyemhakikishia sehemu. Mkataba unampa kiti mezani na jina kwenye utangulizi, lakini haumpi igizo. Kila wiki anaanza na sifuri. Anaweza kuandika Jumanne, akachekewa Jumatano, akafanya mazoezi Alhamisi na Ijumaa, akavaa vazi lililoshonwa kwa vipimo vyake, akaigiza saa mbili usiku, na saa tano akaambiwa igizo limekatwa. Nchi inamwona mwisho wa kipindi, wakati wote wanaposimama jukwaani kuaga, akipunga mkono na tabasamu la mtu ambaye usiku huo hakusema neno hata moja. Mimi huwa nawatafuta hao kwanza. Mwigizaji huanza kuondoka kwenye meza ya Jumatano, wiki nyingi kabla jina lake halijafutwa kwenye utangulizi.

Na upande wa pili wa jambo hilo ndio unaonivutia zaidi. Kwa kuwa sehemu hazigawiwi, mtu akitoka katikati ya msimu, pengo lake halijazwi na aliyesajiliwa badala yake. Linajazwa na yeyote mwenye wazo zuri Jumatano inayofuata. Mara nyingi ni mtu ambaye alikuwepo siku zote.

Ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kipindi kilianza tarehe 11 Oktoba 1975, Lorne Michaels akiwa mtayarishaji, na nyota wa kwanza kung'aa akawa Chevy Chase. Alikuwa anaanguka vibaya sana mwanzoni mwa kila onyesho, na ndiye aliyesoma habari za utani za Weekend Update. Wenzake wengi walikuwa hawajulikani kwa majina, yeye alilitaja lake kila wiki akiwa kwenye dawati hilo. Msimu wa pili ulipoanza, Septemba 1976, akaumia kwenye igizo la mdahalo wa wagombea urais akimwigiza Gerald Ford, akakosa maonyesho mawili. Tarehe 30 Oktoba 1976 ikawa mwisho wake. Msimu ulikuwa umetimiza wiki chache tu, na nyota amekwenda zake.

Watu walidhani kipindi kitakufa. Kilichotokea ni kwamba Jane Curtin akakaa kwenye dawati la habari, na John Belushi, Dan Aykroyd na Gilda Radner wakapata hewa ya kupumua. Wote hao walikuwepo tangu siku ya kwanza. Mgeni, Bill Murray, hakuja mpaka tarehe 15 Januari 1977, na alipokuja hakuleta nafuu yoyote. Watazamaji walimwona kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Alijikwaa kwenye maneno, vichekesho vyake havikushika, na barua zilizofika hazikuwa za kumsifu.

Machi mwaka huohuo akafanya jambo ambalo sijui kama televisheni ya leo ingeliruhusu. Aliketi nyuma ya meza, akaitazama kamera, akasema yeye ndiye mgeni, na kwamba anaona mambo hayamwendei. Akawaomba watazamaji wamsaidie kwa kucheka. Akaeleza kidogo habari za familia yake. Ilikuwa imeandikwa, ilikuwa ni igizo, na bado ilikuwa kweli tupu. Ukiitazama leo unaona kijana anayecheza na hofu yake mwenyewe bila kuificha, na vicheko vinavyokuja ni vya watu walioamua kuwa upande wake. Kuanzia hapo Murray hakuwa tena mbadala wa Chase. Lakini ona muda uliopita: miezi miwili ya kukosea hadharani, kila Jumamosi, nchi ikitazama. Mwigizaji anayeingia Septemba huingia na wageni wenzake, na macho hugawanyika. Anayeingia Januari huingia peke yake.

Sababu za kutoka katikati ya msimu ni nyingi, na hazina uzito sawa. Kuna kufukuzwa, ambako watu hudhani ndiyo sababu kuu, na ambako kwa hakika ni nadra. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Damon Wayans, Machi 1986. Alikuwa mwigizaji wa nyongeza, mwenye kipaji kilichoonekana, na msimu ule wote hakupewa alichotaka kufanya. Usiku mmoja, kwenye igizo ambalo alipewa nafasi ndogo ya polisi, aliacha alichofanyia mazoezi akamwigiza polisi huyo kwa namna nyingine kabisa, matangazo yakiwa yanaendelea moja kwa moja. Michaels alimfukuza usiku uleule. Anayesikia kisa hiki mara ya kwanza huona adhabu imezidi. Lakini kipindi cha moja kwa moja kinategemea kila mtu kufanya kile wapiga kamera na waigizaji wenzake walichokitarajia, kwa hiyo kukiuka hilo ni kuvunja chombo chenyewe. Mwisho wa msimu huohuo Wayans alialikwa kuja kufanya vichekesho vyake mwenyewe jukwaani. Nadhani pande zote mbili zilijua kosa lilianza kabla ya usiku ule.

Kuna kuondolewa na wakubwa wa juu, jambo tofauti na kufukuzwa na mtayarishaji. Mwanzoni mwa Januari 1998 Norm Macdonald alikuwa ameshavuliwa dawati la Weekend Update. Aliyeamua ni Don Ohlmeyer, mkuu wa NBC wa pwani ya magharibi, aliyesema Macdonald hachekeshi. Macdonald alikuwa amemtania O.J. Simpson, nyota wa michezo aliyeshtakiwa kwa mauaji, wiki baada ya wiki, na Ohlmeyer alikuwa rafiki wa Simpson. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili, na mpaka leo wanayaunganisha. Colin Quinn, ambaye alikuwa tayari kwenye kikosi, akaanza kusoma habari tarehe 10 Januari. Macdonald akabaki miezi michache kama mwigizaji wa kawaida, kisha Machi akatoka. Kipindi hicho cha kati, Januari mpaka Machi, ndicho kinachoumiza kukitazama. Jina lipo kwenye utangulizi, mtu yupo jukwaani, na kazi iliyomfanya awe yeye anaifanya mwingine akiwa anaangalia.

Kuna kutoelewana. Harry Shearer aliondoka Januari 1985 kwa kile kilichoelezwa kuwa tofauti za kisanii. Garofalo, katika ule msimu wa 20 tulioanza nao, hakuficha kwamba hakuipenda hali ya ofisini wala maigizo aliyopewa, akaondoka Februari 1995. Molly Shannon akaingia mwezi huohuo, na yeye, tofauti na karibu wote aliowakuta, ndiye akaja kuwa nguzo ya miaka iliyofuata. Msimu ule uliandikwa vibaya sana magazetini, na kiangazi kilichofuata kikosi kikafagiliwa, akiwemo Adam Sandler na Chris Farley. Ukisoma historia kwa misimu, unaona ufagio wa kiangazi tu. Ukiisoma kwa wiki, unaona nyumba mpya ilianza kujengwa Januari na Februari, ya zamani ikiwa bado imesimama.

Kuna umaarufu unaozidi kipimo cha kikosi. Hapa Eddie Murphy ana kisa ambacho sijakiona kwa mwingine. Msimu wa tisa ulipoanza, mwaka 1983, filamu zake mbili zilikuwa zimempaisha mno, na NBC ilijua haiwezi kumshika. Wakaafikiana kwamba atakuwepo kwa nusu tu ya maonyesho. Kisha, Septemba, wakarekodi mapema maigizo kadhaa mbele ya watazamaji, ili yapachikwe kwenye maonyesho ambayo yeye hayupo. Akaondoka Februari 1984. Kwa hiyo kulikuwa na usiku ambapo mtazamaji alimwona Murphy kwenye kipindi kinachojivunia kuwa cha moja kwa moja, na Murphy mwenyewe yuko kwingine kabisa. Ukiuliza siku aliyotoka, jibu linategemea unahesabu mwili au picha.

Na kuna maisha tu. Amy Poehler alijifungua tarehe 25 Oktoba 2008, Jumamosi, siku ya onyesho. Seth Meyers akasoma habari peke yake, akatangaza, na Maya Rudolph na Kenan Thompson wakamwimbia. Novemba wakaingia Abby Elliott na Michaela Watkins. Poehler akarudi Desemba kwa muda mfupi, akaaga. Meyers naye aliondoka Februari 2014 kwa sababu alikuwa amepewa kipindi chake cha usiku, na Colin Jost, ambaye alikuwa mwandishi miaka yote hiyo, akakalia kiti Machi 1 akiwa na Cecily Strong. Kuondoka kwa namna hiyo hakuna uchungu, kumepangwa, kila mtu anajua.

Migomo nayo hubadilisha kikosi, ingawa haionekani hivyo. Waandishi wa Marekani waligoma Novemba 2007. Onyesho la Novemba 3 likawa la mwisho kwa zaidi ya miezi mitatu. Maya Rudolph alikuwa ameshakaribia kuondoka, na mgomo ukamkuta hapo. Kipindi kiliporudi Februari 23, 2008, yeye hakurudi, na Casey Wilson alikuwa ameingia. Hakuna kwaheri iliyofanywa. Mtu aliyekuwa na miaka saba na ushee kwenye kipindi alitoka kama anayetoka kununua mkate.

Kuondoka huko kwa Rudolph kulizaa mabadiliko mengine ya katikati ya msimu, miaka sita baadaye, na haya ndiyo pekee ninayoyajua yaliyoletwa waziwazi na sauti za watu wa nje. Tangu alipotoka, kikosi hakikuwa na mwanamke Mweusi. Mwaka 2013 waliingizwa wageni sita kwa mpigo, na hakuna mwanamke Mweusi kati yao. Kelele zikapanda. Kipindi hakikukaa kimya: tarehe 2 Novemba mwenyeji alikuwa Kerry Washington, na igizo la kufungua likamfanya Michelle Obama, mara akakimbia kubadili nguo akarudi akiwa Oprah Winfrey, mara akaambiwa Beyoncé naye anasubiri mlangoni. Maandishi kwenye skrini yakamwomba radhi kwa idadi ya watu atakaolazimika kuwaigiza usiku huo. Watu walicheka, na hoja ikabaki palepale, kwa kuwa Jumamosi iliyofuata Washington hayupo. Usaili ukaitishwa Desemba. Sasheer Zamata akaingia tarehe 18 Januari 2014, akiwa mwigizaji. LaKendra Tookes na Leslie Jones wakachukuliwa kuwa waandishi kutokana na usaili huohuo.

Nimesoma hoja kwamba Zamata aliingizwa kwa shinikizo tu. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba kila anayeingia katikati ya msimu huingizwa kwa sababu ya pengo fulani, na pengo hili lilikuwa la kweli, la kazi, Jumatano kwa Jumatano: maigizo yaliyohitaji mtu wa kuyaigiza na mtu hayupo. Kilichokuwa kigumu kwake ni kilekile cha Murray, macho yote juu ya mmoja, na zaidi ya hapo kuchukuliwa kama jibu la swali ambalo si yeye aliyelisababisha. Jones kwa upande wake alipita mlango mwingine. Aliandika, akaonekana kwenye dawati la Weekend Update, na Oktoba 25, 2014, msimu wa 40 ukiwa na maonyesho machache tu, akatajwa rasmi kuwa mwigizaji. Huyo naye ni wa dirisha dogo, ila alikuwa ameshazoea harufu ya jengo.

Kati ya nyakati zote za kutoka, Desemba ndiyo nzuri kuliko nyingine. Onyesho la mwisho kabla ya Krismasi lina hali ya kuaga hata pasipo anayeaga, na baada yake kuna wiki kadhaa za mapumziko ambazo humpa kila mtu nafasi ya kupumua. Mei ni tofauti, hasa wakiondoka wengi pamoja. Mwaka 2022 waliondoka wanane kati ya msimu mmoja na mwingine, wakiwemo Kate McKinnon, Aidy Bryant na Pete Davidson, na katika msururu huo machozi yaligawanywa. Cecily Strong alibaki. Tarehe 17 Desemba, msimu wa 48 ukiwa katikati, akaaga peke yake. Alitokea kwenye Weekend Update kama Cathy Anne, mhusika wake wa siku nyingi, akasema anakwenda jela, na kila mtu alielewa ni nani anayeondoka na wapi. Kisha igizo la mwisho likawekwa kwenye duka la vifaa vya umeme, mfanyakazi akiagwa na wenzake, na Austin Butler, mwenyeji wa usiku ule, akamwimbia kwa sauti ya Elvis Presley. Wenzake walikuwa wanalia ndani ya mavazi ya igizo. Bowen Yang naye alichagua mlango huohuo, Desemba 2025, katikati ya msimu wa 51.

Mtu akiniuliza ni msimu upi ausome ili aelewe jambo hili lote, nitamwelekeza kwenye wa sita, wa 1980 hadi 1981. Mei 1980 Michaels aliondoka kwa miaka kadhaa, na kikosi chote kikaondoka naye. Jean Doumanian akapewa kiti cha mtayarishaji na miezi michache ya kutafuta watu wapya kabisa. Akawachukua sita kuwa wakuu: Denny Dillon, Gilbert Gottfried, Gail Matthius, Joe Piscopo, Ann Risley na Charles Rocket. Kikundi cha nyongeza kikafuata, na humo akawekwa kijana wa miaka 19, Eddie Murphy. Wiki za mwanzo Murphy hakupewa karibu lolote. Januari 1981 ikatokea kwamba onyesho limekwisha mapema, dakika kadhaa zimebaki hewani bila kitu. Wakamsukuma Murphy mbele afanye vichekesho vyake vya jukwaani. Alizijaza dakika zile kama mtu aliyekuwa akizisubiri, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa mwigizaji mkuu. Ndiye niliyesema nitamrudia. Kupanda daraja katikati ya msimu, na sababu yake ni saa ya ukutani.

Februari 21 Rocket, ambaye alikuwa ameandaliwa kuwa nyota wa kipindi, akatamka tusi hewani kwenye dakika za kuaga. Wengi huhesabu neno hilo kuwa sababu ya yote yaliyofuata. Sikubaliani nao. Jenny Slate naye aliponyokwa na neno kama hilo usiku wake wa kwanza, Septemba 2009, na akamaliza msimu wake mzima. Neno la Rocket lilianguka kwenye nyumba iliyokuwa tayari inawaka: watazamaji wamekimbia, wahakiki wanapiga, NBC imechoka. Machi, Doumanian akaondolewa, Dick Ebersol akaingia. Ebersol akawafukuza Rocket, Gottfried na Risley, akasimamisha kipindi kwa wiki kadhaa, akaleta Robin Duke, Tim Kazurinsky na Tony Rosato.

Tarehe 11 Aprili 1981 kikosi hicho kilichoshonwa upya kikapanda jukwaani. Usiku huo una mambo ya ajabu kwa anayependa orodha. Laurie Metcalf, ambaye baadaye angejulikana sana, alitajwa kuwa mwigizaji wa nyongeza kwa onyesho hilo moja tu, hakutajwa tena. Emily Prager alitajwa pia, jina likaandikwa, na kwenye skrini hakuonekana hata mara moja. Kama bado unatafuta jibu la swali la mwanzo, nani yuko kwenye kikosi, Prager ndiye anayekulazimisha uamue unahesabu nini: mkataba, jina au uso. Mimi huhesabu jina, kwa sababu ndilo pekee linaloweza kuthibitishwa kwa kila mtu, kisha pembeni ya kila jina naandika tarehe ya onyesho la kwanza na la mwisho. Bila tarehe hizo orodha ya msimu haisemi kitu.

Kisha waandishi wakagoma. Msimu ukaishia hapo, maonyesho 13 kwa jumla, na kikosi kipya cha Ebersol kilikuwa kimefanya kazi usiku mmoja. Dillon na Matthius nao wakaachwa. Duke, Kazurinsky na Rosato, walioajiriwa kuokoa msimu ambao haukuwepo tena, wakakaa kusubiri mpaka Oktoba. Studio ilipofunguliwa, kati ya wote waliotajwa mwaka mmoja nyuma walikuwa wamebaki wawili, Piscopo na yule kijana wa nyongeza.